Mama, Usiogope Kiingereza cha Mwanao

Sisi akina mama tunaolea watoto Marekani twaijua hofu hii. Binti yuko darasa la kumi na moja, anasoma Kiingereza cha AP, na mezani ana orodha ndefu ya maneno tusiyopata kuyasikia. Mtihani ni mwezi wa Mei, na alama ni 1 hadi 5. Akipata alama nzuri, vyuo vingi humhesabia kozi ya mwanzo, na ada yake hupungua. Wengi wetu hujitenga tukisema, "Hayo ni ya wasomi." Tusifanye hivyo.

Mengi ya maneno hayo tunayo kwa Kiswahili, tena tunakutana nayo katika Biblia. "Metaphor" ni sitiari: Zaburi ya 23 inamwita Bwana mchungaji. "Simile" ni tashbihi: Zaburi ya 1 inamfananisha mwenye haki na mti ulio kando ya maji. "Hyperbole" ni chuku: ngamia na tundu la sindano. "Personification" ni tashihisi: katika Isaya 55 miti inapiga makofi. Zaburi ya 136 inarudia maneno yale yale mwishoni mwa mistari yote 26. Hiyo ni takriri, na ikija mwishoni hivyo huitwa "epistrophe". Ikija mwanzoni ni "anaphora".

Hata hivyo, kukariri majina hakutoshi. Mwanafunzi huandika insha tatu, na moja humtaka aeleze jinsi mwandishi alivyotumia lugha kuwavuta watu. Hapo mama anaweza kusaidia kwa Kiswahili chake. Muulize: "Kwa nini Nathani alimsimulia Daudi habari za mwana-kondoo badala ya kumshtaki waziwazi?" Akijibu kwamba mfalme alitoa hukumu kabla hajajua anajihukumu mwenyewe, ameshika kiini cha somo.

Kwa msamiati, mnunulie daftari dogo. Aandike maneno matano kwa siku, kila neno katika sentensi yake mwenyewe. Atazame pia mizizi ya Kilatini: "bene" ni vema, "male" ni vibaya. Hivyo "benevolent" ni mwenye nia njema, na "malevolent" ni mwenye nia mbaya. Jioni, mnapoosha vyombo, akueleze maneno hayo kwa Kiswahili. Asiyeweza kulieleza neno bado hajalielewa.

Dada wapendwa, tuketi na watoto wetu. Elimu yao isiwe ukuta kati yetu nao.