Kiyoyozi Kinachokula Umeme Hata Kikiwa Kimezimwa

Oktoba ikiingia Nachingwea na Ruangwa, mambo mawili huja kwa pamoja: joto na minada ya korosho. Bati huchemka tangu asubuhi, kuta zinalitunza lile joto hadi usiku wa manane, na mkulima aliyeuza kupitia RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ana fedha mkononi. Ndipo anapokumbuka kiyoyozi alichokiona dukani. Huuliza bei, hupatana, hutafuta fundi. Kitakula uniti ngapi, hilo huulizwa mwezi ukishapita na LUKU imeanza kulia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000 huvuta takriban kilowati 1 hadi 1.2 kompresa inapofanya kazi. Kompresa haifanyi kazi usiku kucha. Chumba kikipoa hujizima, joto likirudi huwaka tena. Kwa makadirio yangu, kikiwashwa saa tatu usiku na kuzimwa saa kumi na moja alfajiri, katika chumba kilichofungwa vizuri, kitakula uniti 5 hivi. Kwa mwezi ni uniti 150. Pangaboi la wati 70, kwa saa hizo hizo, halifikishi uniti 17 mwezi mzima.

Wengi huishia hapo: huzidisha uniti kwa bei na kudhani wamemaliza. Lakini bei ya uniti si moja. Kwa viwango vilivyopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo, yaani kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Mteja wa kawaida, kundi la T1, hulipa shilingi 292 kuanzia uniti ya kwanza. Juu yake ongeza kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Kwa hiyo uniti moja inamfikia mtu kwa shilingi 122, 427 au 356, kutegemea alipo.

Chukua nyumba ya D1 yenye taa, televisheni na friji ndogo, inayotumia uniti 60 kwa mwezi. Inalipa shilingi 7,320. Ikifunga kiyoyozi, matumizi yanapanda hadi uniti 210: zile 75 za kwanza ni shilingi 9,150, na 135 zilizobaki ni shilingi 57,645. Jumla inakaribia shilingi 67,000, mara tisa ya awali.

Hata hivyo, kwangu mimi hilo si kubwa zaidi. Anayevuka uniti 75 mara kwa mara huhamishiwa T1. Sasa fikiria Juni, wakati usiku wa Nachingwea una baridi ya kutaka shuka zito na rimoti imewekwa kabatini. Nyumba imerudi kwenye uniti zake 60, lakini inazilipia karibu shilingi 21,400 badala ya 7,320. Taa zile zile, friji ile ile, bei karibu mara tatu. Tofauti hiyo ni gharama ya kiyoyozi, ingawa kimezimwa, na fundi anayekifunga haiandiki kwenye makadirio yake.

Kwenye nyumba za kupanga mambo huwa mabaya zaidi. Wapangaji wanne wanachangia mita moja, mmoja anafunga kiyoyozi, na wote wanahama kundi. Hata akilipa uniti zake zote kwa uaminifu, wenzake bado wanaumia. Mwenye nyumba anayeruhusu kiyoyozi na aruhusu pia mita ya peke yake.

Anayekihitaji kweli, tuseme kuna mgonjwa au mtoto mchanga, anunue cha inverta. Hicho hupunguza mwendo wa kompresa badala ya kuizima na kuiwasha, na kazi ile ile kinaweza kuifanya kwa uniti 3 hivi kwa usiku. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 kinatoshwa na BTU 9,000. Kuweka rimoti kwenye 16 hakupoozi haraka kuliko 25. Kunaichelewesha tu kompresa kupumzika. Weka 26, washa na feni. Vumbi letu jekundu la kiangazi huziba chujio, hivyo lioshwe kila baada ya wiki mbili. Na fundi akikwambia kila mwaka kwamba gesi imeisha, mwulize inavuja wapi: gesi ya kiyoyozi huzunguka ndani ya mabomba, haiunguzwi kama ya jikoni. Umeme wa eneo lako ukiwa na tabia ya kushuka, stabilaiza si anasa, maana kompresa hupata shida sana kuwaka umeme ukiwa mdogo na inaweza kuungua.

Ila joto lenyewe mara nyingi tumelijenga wenyewe. Bati tupu bila dari ni jiko juu ya kichwa. Hata dari la jipsamu halisaidii sana kama hewa iliyonaswa kati yake na bati haina pa kutokea. Madirisha ya alumini ya kuteleza, ambayo siku hizi ndiyo fahari ya kila nyumba mpya, hufunguka nusu tu. Nyumba inapoteza nusu ya upepo wake wa usiku, kisha mwenyewe anakwenda kununua upepo kwa LUKU.

Ushauri wangu: fedha za msimu huu zianze na dari, matundu ya hewa chini ya paa na pangaboi. Kabla ya kugusa kiyoyozi, kusanya risiti zako za LUKU za miezi mitatu na ujumlishe uniti. Kama uko chini ya 75, jua kwamba unayo bei ambayo jirani yako wa T1 anaitamani.