Joto la Garissa Halichaji Betri: Dhana za Sola Zinazotumalizia Pesa

Ukitoka Garissa mjini, hutaenda mbali kabla ya kuona paneli zimepangwa safu kwa safu kama shamba. Hicho ni kituo cha sola cha Garissa, kilichozinduliwa Desemba 2019. Kimekaa kwenye hekta 85, kina paneli zaidi ya 200,000 na uwezo wa megawati 50. Na kila tukikutana na wateja wa huku kaskazini mashariki, kuna swali halikosekani: kama stima yote ile inatoka hapa kwetu, mbona kwangu bado ni tochi?

Jibu ni kwamba stima ile inaingia kwenye gridi ya taifa kwanza. Ikishaingia huko, inakwenda kwa yeyote aliyeunganishwa, awe Garissa, Thika au Kisumu. Kama nguzo haijafika kwako, ile stima inakupita tu. Ndiyo maana mtu anayeishi Balambala au Ijara, nje kidogo ya senta, anategemea paneli iliyo juu ya paa lake mwenyewe. Na hapo ndipo pesa zake zinapoingia hatarini, kwa sababu wengi wananunua sola kwa kusikia tu.

Tuanze na ile dhana kubwa kuliko zote: eti huku kwetu jua ni kali, joto linapita nyuzi 35, kwa hivyo paneli ndogo inatosha. Hapana. Kinachotengeneza stima ni mwangaza. Joto linafanya kinyume. Zile wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zilipimwa ikiwa na nyuzi 25. Kila nyuzi moja juu ya hapo inapunguza nguvu kwa karibu asilimia 0.3 hadi 0.4. Sasa fikiria paneli iliyolazwa juu ya mabati saa saba mchana. Yenyewe inaweza kufika nyuzi 65. Hizo ni nyuzi 40 zaidi, na paneli yako ya wati 100 inabaki kama wati 85 hivi kabla hata hujahesabu vumbi. Mwambie fundi asiibandike kwenye mabati. Aiinue, aache nafasi ya shubiri moja ili upepo upite chini yake. Hiyo haigharimu chochote zaidi ya vipande vichache vya chuma.

Vumbi nalo lisidharauliwe. Msimu wa jilaal, paneli ikikaa wiki mbili bila kufutwa inafunikwa kabisa. Ifute asubuhi mapema ikiwa bado baridi, kwa kitambaa laini na maji kidogo. Kumwaga maji baridi juu ya kioo kilichochomwa na jua la mchana si wazo zuri.

Kuna pia ushauri wa kwenye YouTube kwamba paneli lazima ielekee kusini. Ushauri huo ni wa watu wa Ulaya. Garissa iko karibu juu ya mstari wa ikweta na jua linapita utosini, kwa hivyo kusini au kaskazini kwako ni karibu sawa. Kinachotakiwa ni mwinamo mdogo tu ili mvua ya gu na deyr ioshe vumbi na isituame.

Joto lina adui mwingine anayeumia kuliko paneli, nao ni betri. Betri za kawaida za risasi na asidi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25. Kwa hesabu hiyo, betri ambayo ingedumu miaka minne mahali penye baridi inaweza kukuachia miwili tu ikikaa kwenye nyuzi 35. Halafu tunasema tumeuziwa feki! Feki zipo, hatukatai. Lakini betri iliyowekwa kwenye duka la mabati, karibu na paa, hata ikiwa halisi haitafika mbali. Iweke chini, kivulini, mahali penye hewa. Betri za lithiamu zinavumilia zaidi, ila nazo hazipendi kupikwa.

Friji ya maziwa

Hapa tungependa ukae na sisi kidogo, maana ndipo tunapoona watu wakipoteza pesa nyingi zaidi.

Tuseme wewe ni mama unayeuza maziwa ya ngamia pale Soko Mugdi. Maziwa yakilala bila baridi, asubuhi unayauza kama susa, na bei si ile. Ajenti anakuja na seti ya sola ya kulipa kidogo kidogo: paneli ya wati 20, taa nne, redio na waya za kuchaji simu. Unamuuliza kama itaendesha friji. Anasema, "Anza na hii, friji tutaongeza baadaye." Unalipa deposit.

Tupige hesabu pamoja. Garissa, chukua saa 5 za jua zuri kwa siku. Wati 20 mara saa 5 ni wati-saa 100. Toa asilimia 30 inayopotea kwa joto, vumbi, nyaya na betri, unabaki na 70. Sasa friji ndogo ya sola, ile isiyohitaji inverta, inavuta kama wati 60 mota ikizunguka. Kwa joto la huku, tuseme mota inazunguka jumla ya saa 12 kwa siku. Hiyo ni wati-saa 720. Kwa maneno mengine, seti ile ingehitaji jua la siku kumi ili iendeshe friji yako siku moja.

Kwa friji hiyo unahitaji si chini ya paneli mbili za wati 100, na tatu ndizo zitakupa usingizi, hasa siku za mawingu ambazo paneli inaweza kutoa robo ya kawaida yake au chini ya hapo. Unahitaji pia betri kubwa ya kuvusha usiku. Na ile friji ya kawaida ya nyumbani? Inataka inverta, na mota yake ikianza kuzunguka inavuta stima mara kadhaa zaidi ya kawaida. Inverta ndogo inazima pale pale.

Seti ya wati 20 si mbaya. Kwa taa za watoto kusomea na simu kuchajiwa ni nzuri sana. Ila si kifaa cha biashara ya maziwa, na mtu anayekuuzia anapaswa kukuambia hivyo kabla hujatoa shilingi.

Unalipia nini hasa?

Kuna wanaoamini kwamba kwenye mpango wa kulipa kidogo kidogo, kampuni inakuuzia jua na utalipa milele. Sivyo. Unalipia kifaa. Kila ukilipa, kifaa kinafunguliwa kwa siku ulizolipia. Siku zikiisha, kinajifunga hadi ulipe tena. Ukimaliza bei yote, kinafunguka moja kwa moja na ni mali yako.

Kabla ya deposit, uliza bei ya jumla. Kwa mfano tu: deposit ya shilingi 3,000, kisha shilingi 60 kwa siku 400. Hiyo ni 24,000 na 3,000, jumla 27,000. Halafu uliza, je, nikilipa taslimu leo ni ngapi? Tofauti ndiyo bei ya kulipa polepole, na una haki ya kuijua.

Najua hapa wengi watauliza: sasa tofauti hiyo si riba? Sisi si masheikh, na hatutatoa fatwa kwenye blogu ya malipo. Tunachoweza ni kukupa maswali ya kumpelekea sheikh wako ukiwa na mkataba mkononi. Je, bei ya jumla imekubaliwa tangu siku ya kwanza? Nikichelewa, bei inapanda au kifaa kinajifunga tu? Kuna faini? Majibu yanatofautiana kati ya kampuni na kampuni.

Wengine wanasubiri sola ya bure, kwa kuwa wamesikia habari za KOSAP, ule mradi wa serikali uliopata dola milioni 150 za Benki ya Dunia mwaka 2017 kwa kaunti 14, zikiwemo Garissa, Wajir na Mandera. Kwa upande wa sola za nyumbani, pesa zile zilipangwa kusaidia kampuni zifike huku na zipate mikopo. Mwananchi bado ananunua.

Halafu kuna suala la mtandao. Kama unahama na mifugo, au unaishi mahali ambapo mnara wa simu ukiharibiwa unakaa siku nyingi bila kurudi, lipa siku kadhaa mbele ukiwa bado na network. Sola haihitaji mtandao ili iwake. Malipo ndiyo yanauhitaji.

Fundi mwulize leseni ya EPRA. Na ajenti akikuambia utume deposit kwa namba yake binafsi "halafu nitakuingizia," simama hapo. Lipa kwa Paybill au till ya kampuni, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, na kama si jina la kampuni iliyo kwenye mkataba, kata. Meseji za malipo usizifute hadi siku kifaa kitakapofunguka kabisa. Zikipotea, ombi la taarifa ya malipo yako linafanywa kwenye menyu ya akaunti, na inakuja na kila malipo na tarehe yake.