Muda wa miale ya eksirei na kiasi kinachompata mgonjwa

WAGONJWA wengi waingiapo chumba cha eksirei huhesabu dakika walizolala juu ya meza, wakidhani miale huwapiga muda huo wote. La hasha. Mtambo hautoi miale hadi mhudumu abonyeze kitufe, na muda uliopangwa ukiisha miale hukatika papo hapo bila kuacha masalio mwilini.

Muda huo ndio wenye uzito. Kwa picha ya kifua huwa ni sehemu ndogo tu ya sekunde. Nguvu ya umeme ikibaki vilevile, muda ukiongezwa maradufu, kiasi cha miale nacho huongezeka maradufu.

Hata hivyo, muda mfupi peke yake si kinga. Mhudumu anaweza kuufupisha huku akizidisha mkondo wa umeme mtamboni, na mgonjwa akapata kiasi kilekile. Faida yake ni nyingine: mtoto anayelia au mzee anayetetemeka hapati nafasi ya kusogea, hivyo picha haitoki na ukungu. Picha ikiharibika hurudiwa, na mgonjwa hupigwa miale mara ya pili. Ndiyo maana agizo la kuzuia pumzi si la kupuuzwa.

Si kwamba picha moja ya kifua ni ya kuogofya. Hiyo huwa milisiveti 0.1 au chini yake, ilhali udongo, hewa na anga humpa binadamu wastani wa milisiveti 2.4 kila mwaka.

Penye hatari zaidi ni pale madaktari wanapotazama viungo kwenye kiwambo, kwa mfano wakizibua mishipa ya moyo. Huko miale huweza kuwashwa kwa dakika nyingi. Ngozi ikipokea takriban greyi 2 inaweza kuiva, na kiasi kikizidi sana hufanya kidonda. Mnamo 1994, mamlaka ya chakula na dawa nchini Marekani iliwatahadharisha madaktari kuhusu majeraha hayo. Mitambo ya kisasa hutoa miale kwa vipindi vifupi vifupi, hujumlisha dakika zilizotumika na kubakisha picha ya mwisho kiwamboni, ili daktari aitazame akiwa ameondoa mguu kwenye kanyagio.

Nchini Kenya, matumizi ya miale hospitalini husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia (KNRA), iliyobuniwa kwa sheria ya 2019. Mgonjwa naye aende na picha zake za awali, huenda zikatosha. Mwanamke anayeshuku kuwa mjamzito aseme kabla ya kitufe kubonyezwa.