Ufa wa Mai Mahiu na Vipimo vya Setilaiti

Mwezi wa Machi mwaka 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilifunguka karibu na Mai Mahiu ikaikata barabara iendayo Narok. Mahali pengine ufa ule ulikuwa na kina cha meta 15 hivi, na watu wenye nyumba juu yake walilazimika kuhama. Habari ikaenea duniani kote ya kuwa Afrika imeanza kugawanyika vipande viwili. Magazeti ya ng'ambo yaliipenda sana.

Tangu wakati huo wakulima wa Bonde la Ufa huuliza: Je, shamba langu litamezwa? Swali hili ni la haki. Mtu aliyelipia deni la ardhi yake kwa miaka mingi hawezi kulala vema akiambiwa ya kuwa ardhi yenyewe inaondoka. Basi yafaa tuone jinsi wataalamu wanavyopima mwendo wa ardhi kutoka angani siku hizi, na vipimo vyao vyasema nini juu ya nchi yetu.

Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-1, ambazo ya kwanza ilirushwa mwezi wa Aprili 2014, huzunguka dunia kwa urefu wa kilomita karibu 700, umbali unaopita njia ya Mombasa hadi Nakuru. Kila siku 12 setilaiti hurudi juu ya mahali pale pale. Haipigi picha kama kamera ya arusi. Hutuma mawimbi ya rada, nayo hugonga ardhi na kurudi, kama sauti ya mtu apigaye ukelele mbele ya jabali. Mawingu hayaizuii, wala giza la usiku.

Sasa, yawezekanaje chombo kilicho mbali hivyo kupima sentimeta moja? Twaa kamba ndefu, ifunge ncha moja mtini, kisha uitikise. Utaona vilima na mabonde yakikimbia juu ya kamba. Mawimbi ya rada ni vivyo hivyo, na katika setilaiti hizi kutoka kilima hadi kilima ni sentimeta 5.6 tu. Mwangwi unaporudi, chombo huandika kama umefika ukiwa juu ya kilima, bondeni, au katikati. Ikiwa ardhi imeinuka sentimeta moja kabla ya safari ya pili, njia ya wimbi imepungua sentimeta moja kwenda na moja kurudi, nalo litafika likiwa mahali pengine pa kilima chake. Kompyuta hulinganisha picha mbili na kupaka rangi. Rangi zikizunguka mara moja, kutoka nyekundu hata nyekundu tena, ardhi imesogea sentimeta 2.8 kuelekea chombo au kukiacha.

Kazi hii imefanywa juu ya milima yetu ya moto. Mwaka 2009 Juliet Biggs na wenzake walitangaza vipimo vya setilaiti vya miaka ya 1997 hadi 2008. Suswa na Menengai zilididimia sentimeta 2 hadi 5 kati ya 1997 na 2000. Longonot iliinuka sentimeta 9 hivi kati ya 2004 na 2006. Paka, kule kaskazini ya Baringo, iliinuka sentimeta 21 katika miezi tisa ya 2006 na 2007. Wakati huo hapakuwa na mlipuko wowote, na mchungaji aliyelisha mbuzi wake juu ya Paka hangeweza kuona tofauti kwa macho. Chini ya ardhi mawe yaliyoyeyuka, maji ya moto na mvuke husukuma na kulegea, na mlima hupanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala.

Kupasuka kwa kweli kulionekana Ethiopia, huko Dabbahu katika nchi ya Afar, mwezi wa Septemba 2005. Mawe yaliyoyeyuka yalipenya chini ya ardhi katika mstari wa kilomita 60, na kwa majuma machache ardhi ikatengana hata meta 8 mahali fulani. Palikuwa na matetemeko mengi, na majivu yalitoka. Picha za setilaiti zilionyesha ukanda wote ukisogea.

Ufa wa Mai Mahiu haukuwa wa namna hiyo. Wataalamu wengi wa miamba walieleza ya kuwa ni ufa wa zamani, uliojazwa na majivu laini ya volkano, na mvua ya 2018 ikayachukua majivu hayo kwa chini mpaka udongo wa juu ukakosa kitu cha kuushika. Bonde la Ufa lapanuka, hilo ni kweli, lakini ni kwa milimita chache tu kwa mwaka. Kwa mwendo wa milimita 3, meta 3 zahitaji miaka 1,000. Kwa hiyo mtu akija kutaka shamba lako kwa bei ya chini, akidai ya kuwa nchi yakatika kesho, mwulize kwa nini yeye mwenyewe anataka kulinunua.

Setilaiti nazo zina udhaifu wao. Mahindi yakimea, yakikomaa na kuvunwa, mwangwi hubadilika hata kama udongo haukusogea, na picha mbili hazilingani. Mawe makavu na majengo hufaa zaidi. Tarehe 30 Julai 2025 India na Marekani zilirusha setilaiti iitwayo NISAR, ambayo ina rada ya mawimbi marefu zaidi, ya sentimeta 24. Hayo hupenya majani vizuri zaidi, na huenda sehemu za kilimo zikapimwa vema kuliko zamani.

Wenye visima vya pampu wasikie na jambo la California, Marekani. Katika bonde la San Joaquin wakulima walivuta maji mengi ya chini, na karibu na Mendota ardhi ilishuka kama meta 9 kati ya 1925 na 1977. Katika ukame wa miaka ya karibuni setilaiti zimeona ardhi ikishuka tena, na mifereji ya kumwagilia ikapinda hata mingine haichukui maji kama ilivyojengwa.

Kwako wewe mwenye ufa shambani, maji ya mvua ndiyo adui wa kwanza. Usielekeze mtaro wala maji ya paa ndani yake, wala usiufukie kwa udongo mtupu kisha ujenge juu, maana mvua kubwa itauchukua udongo huo kama ilivyochukua majivu. Waulize wazee nyufa zilifunguka wapi miaka ya mvua nyingi, kwa kuwa mara nyingi hufuata mistari ile ile, na uweke nyumba na zizi mbali nayo. Ukiona ufa mpya, upime urefu wake kwa hatua, andika tarehe, umpelekee chifu au afisa wa kilimo habari hiyo, na ng'ombe wasichungwe hapo.