Barua ya rufaa ya macho isiozee mkobani mwa mtoto

WANAFUNZI wanapokaguliwa macho shuleni, wazazi wengi hudhani kwamba kazi imekwisha. La hasha! Ukaguzi huo hauponyi jicho. Kazi yake ni kubainisha tu mtoto yupi anayestahili kuonwa na mtaalamu.

Mtoto husimamishwa mbele ya chati ya herufi au alama, kwa umbali uliopimwa, na kufunikwa jicho moja baada ya jingine. Akishindwa kuzitambua alama za kiwango kilichowekwa, hupewa barua ya rufaa aipeleke nyumbani. Hapo ndipo safari nyingi hukatika.

Utafiti uliofanywa katika shule 50 za Kaunti ya Trans Nzoia, na matokeo yake kuchapishwa mnamo 2018 katika jarida la Lancet Global Health, ulilidhihirisha jambo hili. Katika shule 25 zilizotumia barua za kawaida, watoto 366 walitakiwa kwenda hospitalini. Waliofika katika muda wa wiki nane walikuwa 82 pekee, yaani asilimia 22.

Katika shule 25 nyingine, walimu waliwapima wanafunzi kwa simu ya mkononi. Wazazi walipewa picha iliyoonyesha jinsi ulimwengu unavyoonekana machoni pa mtoto wao, kisha wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Kati ya watoto 531 walioelekezwa hospitalini, 285 walifika, ambao ni asilimia 54. Kumbe mzazi akielewa na kukumbushwa, huchukua hatua. Hata hivyo, karibu nusu ya watoto hao hawakufika.

Vikwazo ni vingi. Aghalabu mtoto halalamiki, kwa kuwa anadhani kila mtu huona jinsi aonavyo yeye. Mzazi naye, akimwona akicheza bila kujikwaa, huona hapana haja ya kupoteza kibarua cha siku na nauli. Isitoshe, wapo wanaoamini kuwa miwani huharibu macho.

Imani hiyo haina msingi. Miwani hurekebisha njia ya miale ya mwanga ili ikutane mahali panapofaa nyuma ya jicho. Haililemazi jicho. Vilevile, kumketisha mtoto dawati la mbele si tiba, ingawa humsaidia kwa muda akisubiri miwani.

Ikumbukwe kuwa kuchelewa kuna gharama. Jicho moja likiwa dhaifu kuliko jingine, ubongo huzoea kulipuuza. Hali hii hutibika vyema zaidi kabla ya mtoto kutimiza miaka saba hivi, na kadiri umri unavyosonga ndivyo matumaini yanavyofifia. Mtoto mwenye kengeza pia anahitaji kuchunguzwa mapema. Aidha, weupe ndani ya mboni huenda ukawa ishara ya mtoto wa jicho au hata saratani. Huyo hangoji likizo. Apelekwe hospitalini mara moja.

Walimu wana nafasi kubwa ya kusaidia. Wakiweka orodha ya waliopewa barua, wakanakili nambari za simu za wazazi na kuuliza baada ya wiki mbili ni nani amekwenda, watawagundua waliosalia. Barua nayo itaje hospitali, siku ya kliniki na gharama inayotarajiwa, ili mzazi ajipange. Watoto wa kijiji kimoja wanaweza kusafiri siku moja pamoja na mzazi mmoja au wawili kwa niaba ya wengine, mradi wazazi wote wametoa idhini.

Safari haikomi kwa kupata miwani. Macho ya mtoto hubadilika anapokua, hivyo apimwe tena angaa mara moja kwa mwaka, au kama atakavyoagiza mtaalamu.

Mzazi, ukipata barua hiyo, usiiweke kando ukingoja mambo yawe mazuri. Wahenga walisema ajizi ni nyumba ya njaa. Katika suala la macho ya mtoto, ajizi huenda ikawa nyumba ya giza.