ASKARI AKIRUDI NYUMBANI, JE, VITA VIMEKWISHA?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Vita vikiisha watu huhesabu maiti na majeruhi, kisha nyimbo huimbwa na askari wakapokelewa kwa shangwe. Lakini yuko askari ambaye hakupigwa risasi wala hakukanyaga bomu, na hata hivyo baada ya mwaka mmoja au kumi anaanza kuugua. Je, ugonjwa huo umeletwa na vita, au ni ule ule unaoweza kumpata mtu yeyote? Swali hili si mchezo. Jibu lake ndilo linaloamua kama serikali itamtibu au itamwambia aende zake.

Hebu tutazame Vita vya Ghuba. Tarehe 2 Agosti 1990, Iraki iliivamia Kuwait. Marekani na mataifa mengine yalipeleka majeshi kuikomboa, na mapigano yakaanza tarehe 17 Januari 1991. Kufikia tarehe 28 Februari yalikuwa yamekoma. Marekani peke yake ilipeleka wanajeshi karibu 700,000, na waliokufa huko hawakufika 400. Wengi walisema vita hivyo vilikuwa vyepesi. Kumbe!

Haukupita muda mrefu, baadhi ya waliorudi wakaanza kulalamika. Walichoka hata bila kufanya kazi. Misuli na viungo viliwauma, vichwa viliwagonga, matumbo yaliwasumbua, usingizi uliwapaa, na wengine walisahau hata mambo ya jana. Walipopimwa, aghalabu hakuna kilichoonekana. Basi wako walioambiwa eti ni mawazo tu.

Sasa mtu atajuaje kwamba ni vita? Kila mtu huumwa na kichwa siku moja moja. Njia ni kulinganisha, lakini lazima ulinganishe na anayefaa. Ukimlinganisha askari na raia utadanganyika, maana mgonjwa haandikwi jeshini. Askari huanza akiwa na afya kuliko jirani yake. Kwa hivyo watafiti waliwalinganisha na askari wenzao wa wakati ule ule ambao hawakupelekwa Ghuba. Hapo ndipo ukweli ulipojitokeza. Waliokwenda walikuwa na mkusanyiko wa dalili hizo kuliko waliobaki. Mwaka 2008, kamati ya kuishauri serikali ya Marekani juu ya utafiti huo ilisema kwamba angalau mmoja katika kila wanne waliokwenda alikuwa mgonjwa, na kwamba ugonjwa huo ni wa kweli.

Je, kila maradhi yaliongezeka? La. Uchunguzi wa vifo vya miaka ya mwanzo haukuonyesha kwamba waliokwenda walikufa zaidi kwa magonjwa. Vifo vilivyozidi vilitokana hasa na ajali, zikiwemo za barabarani. Kwa hivyo si haki kuvisingizia vita kila kitu, na si haki pia kuvitakasa.

Huko jangwani askari walikutana na mengi. Visima vya mafuta zaidi ya 600 vilichomwa moto Kuwait, na moshi ukatanda. Dawa za kuua wadudu zilitumiwa kwa wingi. Wengi walimezeshwa tembe za kuwakinga na gesi ya sumu. Isitoshe, Machi 1991 askari wa Marekani walilipua maghala ya silaha huko Khamisiyah, kusini mwa Iraki, bila kujua kwamba mlikuwa na roketi zenye sumu ya sarini. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikuja kulitangaza jambo hilo mwaka 1996.

Sumu hiyo hufanyaje kazi? Neva za mwili hupashana habari kwa kemikali. Habari ikishafika, kimeng'enya fulani, yaani kitu cha mwilini kinachoharakisha kazi hiyo, huivunja kemikali ili neva itulie. Sarini hukizuia kimeng'enya hicho. Baadhi ya dawa za wadudu hukizuia pia. Hata zile tembe hukizuia, ila kwa kiasi na kwa muda tu, ili sarini isipate nafasi. Ni kama mlango mmoja kusukumwa na watu watatu.

Mwaka 2022, Robert Haley na wenzake wa Dallas walichapisha utafiti juu ya jeni inayoutengenezea mwili kimeng'enya kingine, kile cha kuivunja sarini. Walionekana kuumia zaidi ni wale waliozaliwa na aina dhaifu na ambao pia walisikia ving'ora vya kuonya juu ya gesi. Hii yaweza kueleza kwa nini wawili hulala hema moja, mmoja akaugua na mwenzake akapona.

Kuyajua haya kulichukua miaka mingi. Sababu moja ni kwamba haikuandikwa vizuri nani alimeza tembe ngapi, au nani alipuliziwa dawa gani. Watafiti walilazimika kuwauliza askari wenyewe miaka ikiwa imeshapita. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Afya nayo ni mali.

Nikimalizia, jambo hili halituhusu kwa mbali tu. Wanajeshi wa Kenya wamelinda amani katika nchi kadhaa, na Oktoba 2011 walivuka mpaka kuingia Somalia. Sisemi walikutana na sarini. Nasema kila askari apimwe kabla ya kuondoka na apimwe tena akirudi, na mahali alipokaa pamoja na dawa alizopewa viandikwe na kuhifadhiwa. Akija kusema baada ya miaka 20 kwamba anaumwa, asiwe na mdomo wake tu wa kumshuhudia.