Hazina ya Maswali Katika Kujifunza: Mfano wa Wauguzi

Huenda msomaji akashangaa kuona jarida la ualimu likizungumzia mitihani ya wauguzi. Tumeichagua mada hii kwa kuwa miongoni mwa wauguzi imeenea zana moja ya kujifunzia ambayo mwalimu wa shule ya msingi hana budi kuielewa, nayo ni hazina ya maswali iliyomo kwenye intaneti. Mtahiniwa huifungua kwa simu au kompyuta, hujibu swali, na papo hapo huonyeshwa kama amepata au amekosa, pamoja na maelezo ya sababu. Maelezo hayo ndiyo tunayotaka kuyatazama, maana wengi huyaruka.

Tuchukue mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani uitwao NCLEX, ambao hufanywa pia na wauguzi wa nchi nyingine, wakiwamo wa Kenya. Tangu mwaka 1994 mtihani huo hufanywa kwa kompyuta. Mtahiniwa akijibu sawa huletewa swali gumu zaidi. Akikosa huletewa lililo jepesi kidogo. Tangu Aprili 2023, muuguzi aombaye usajili kamili hujibu maswali yasiyopungua 85 wala kuzidi 150, katika muda usiozidi saa tano. Kwa hiyo watahiniwa wawili waliokaa chumba kimoja hawaoni karatasi moja, na aliyekariri majibu hana cha kushika.

Sasa tutazame swali la namna hiyo, tulilolitunga wenyewe. Mgonjwa wa kisukari amedungwa insulini asubuhi, kisha hakula. Anatetemeka na kutokwa jasho, lakini ana fahamu na aweza kumeza. Kipimo kimeonyesha kuwa sukari ya damu imeshuka mno. Muuguzi afanye nini kwanza: amdunge insulini nyingine, amlaze apumzike, amwite daktari, au ampe kinywaji chenye sukari? Jibu ni kinywaji chenye sukari, kiasi cha gramu 15, kisha damu ipimwe tena baada ya dakika 15. Lakini angalia yale majibu mengine. Anayechagua insulini hakuelewa kazi ya dawa hiyo. Anayechagua kumlaza hakutambua hatari. Anayechagua daktari amejua kuwa pana hatari, ila hakujua kipi kitangulie, na mgonjwa aweza kuzimia wakati daktari anatafutwa. Watatu wote wamekosa, wala hawahitaji somo moja. Hazina iliyo nzuri humweleza kila mmoja kosa lake. Hazina mbovu humwandikia tu kwamba jibu ni herufi fulani.

Kujibu maswali kwenyewe kuna faida, hata kabla ya maelezo. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa saikolojia wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanachuo kifungu cha habari. Baadhi walikisoma mara mbili. Wengine walikisoma mara moja, kisha wakajaribu kuandika waliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, na wenzao asilimia 42. Ndiyo kusema kwamba jitihada ya kukumbuka ni sehemu ya kujifunza, wala si kipimo tu.

Lakini mwanafunzi anayerudia maswali yale yale hufika mahali akalitambua swali kwa sura yake. Alama zake hupanda, na maarifa yake yamebaki pale pale. Tunaiona hali hiyo pia katika madarasa yetu ya mwisho ya shule za msingi, mahali ambapo karatasi za mitihani iliyopita hufanywa na kusahihishwa kwa kutaja herufi: la kwanza B, la pili D. Kwa maoni yetu, kipindi cha namna hiyo kimepotea bure.

Mwalimu asiye na intaneti anaweza kuifanya kazi hii kwa karatasi ya manila. Tuseme anafundisha kujumlisha sehemu, naye anauliza ½ + ⅓. Asibuni majibu potofu kwa kubahatisha. Ayatoe katika madaftari ya wanafunzi. Atakuta 2/5, ya aliyejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Atakuta 1/6, ya aliyezidisha. Atakuta 2/6, ya aliyepata asili ya pamoja akasahau kubadili viasi. Pamoja na jibu sahihi, 5/6, swali limekamilika, na kila chaguo lamwambia mwalimu jambo.

Kata kadi ndogo. Mbele andika swali na chaguzi zake. Nyuma andika maelezo ya kila chaguo, sentensi moja moja, kwa lugha ambayo mtoto ataielewa. Mwanafunzi ajibu kwanza kwenye daftari, aseme kwa nini amechagua hivyo, ndipo ageuze kadi. Kadi zilizokosewa ziwekwe kando na zirudishwe juma linalofuata, tarakimu zikiwa zimebadilishwa.